Neno Moja, Maana Moja: Kuandaa Ujumbe wa Shirika Lisilotafuta Faida, Mfano wa Kinama

Utangulizi

Mara nyingi kurasa hizi huzungumzia ngeli, fasihi simulizi na mbinu za kufundishia. Safari hii tumeonelea tutoke darasani kidogo, twende hadi Kinama, kaskazini mwa jiji la Bujumbura, tuangalie kazi ambayo wanafunzi wetu wengi huombwa kuifanya mara tu wanapohitimu, na wengine hata kabla ya hapo. Kazi yenyewe ni kuandika au kutafsiri ujumbe wa shirika lisilotafuta faida: kipeperushi, bango, tangazo la redio, au maneno ya kusema mlangoni kwa mtu. Kazi hiyo huonekana ndogo. Mwenye shirika huja na karatasi ya Kifaransa, huomba awekewe Kiswahili chake, na hutaka kuichukua kesho yake asubuhi.

Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba kazi hiyo si ndogo, na kwamba mwalimu wa lugha ana nafasi ndani yake ambayo mhasibu wala mfadhili hawezi kuijaza. Hoja yetu ni moja. Ujumbe wa shirika hueleweka na kuaminika pale tu maneno yake makuu yanapochaguliwa kwanza, katika kila lugha inayosemwa mahali hapo, kisha yakashikwa na kila mtu anayesema kwa niaba ya shirika hilo. Tunasema haya si kwa sababu tumeyasoma tu. Tunayasema kwa sababu tulikosea.

Kinama na lugha zake

Kwa wasomaji wasiolijua jiji letu, Kinama ni mtaa wenye watu wengi, uliopakana na Kamenge. Vitongoji vyake kadhaa vina majina ya mikoa ya zamani ya nchi: Ruyigi, Muyinga, Ngozi, Bubanza. Vingine ni kama Carama na Bukirasazi. Lugha ya nyumbani kwa walio wengi ni Kirundi. Kiswahili husikika sokoni, kwenye magari ya abiria, kwa mafundi na wafanyabiashara, na kwa watu waliowahi kuishi Tanzania au Kongo. Kifaransa ni lugha ya barua, ya mikutano na ya maombi ya fedha.

Kiswahili si kigeni katika mji huu. Kilikuja na misafara ya biashara, kikatumiwa na Wajerumani katika utawala wao, kikatia mizizi hasa Buyenzi. Burundi ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, mahitaji yake yaliongezeka. Hata hivyo, sheria ya lugha ya mwaka 2014 inazitaja Kirundi, Kifaransa na Kiingereza kuwa lugha rasmi. Kwa hiyo shirika dogo la Kinama hujikuta na lugha tatu mkononi, na kila moja ina kazi yake: Kifaransa kwa mfadhili, Kirundi kwa jirani, Kiswahili kwa soko na kwa wageni wa ukanda. Ujumbe unaozaliwa katika lugha moja ukavalishwa nguo za lugha nyingine kwa haraka, hubadilika sura njiani bila mtu kukusudia.

Yaliyotupata

Mwaka 2023, baada ya serikali kutangaza mlipuko wa kipindupindu mwanzoni mwa mwezi wa Januari, kikundi cha watu wa kujitolea cha Kinama kilitujia. Hatutakitaja jina, kwa kuwa kosa tunalolieleza hapa halikuwa lake bali letu. Kikundi kilikuwa na kazi mbili. Kwanza, kuwaelimisha majirani kuhusu usafi wa maji. Pili, kuendesha mfuko wa akiba ambao wanachama waliweka fedha kila wiki na kukopeshana. Walikuwa na kipeperushi cha Kifaransa kilichoandikwa na katibu, na kingine cha Kirundi kilichoandikwa na kijana mwingine wa kikundi. Sisi tuliombwa kuandika cha Kiswahili. Tulikiandika jioni moja, kutoka kwenye Kifaransa, bila kukiona kile cha Kirundi na bila kukanyaga Kinama.

Sarufi ilikuwa safi. Upatanisho wa kisarufi haukuwa na dosari. Tulijipongeza. Baada ya wiki chache kikundi kilirudi kwetu na malalamiko manne, na kila moja lilitokana na neno moja.

Neno la kwanza: chama

Tulikuwa tumeandika "chama chetu". Kwa mujibu wa kamusi hatukukosea: chama ni muungano wa watu wenye lengo moja. Tatizo ni kwamba neno hilo lina mizigo mingi. Mtanzania akisikia "chama" bila nyongeza, mara nyingi hukumbuka chama cha siasa. Mkenya hukumbuka kikundi cha kuchangiana fedha. Kirundi kwa upande wake kinatenganisha mambo haya waziwazi: "umugambwe" ni chama cha siasa, na "ishirahamwe" ni jumuiya ya watu waliojiweka pamoja.

Jirani wa Kinama aliyesoma kipeperushi chetu alilazimika kuchagua maana, na wengine walichagua ile tusiyoikusudia. Milango kadhaa ilifungwa. Mzee mmoja aliwaambia vijana kwa upole kwamba yeye alikwisha kuwa na chama, wala hatafuti kingine. Katika mtaa ambao siasa zimewahi kugharimu watu maisha yao, kudhaniwa kuwa unaandikisha wanachama wa siasa si utani. Vijana wale walikuwa hatarini kwa sababu ya neno letu.

Neno la pili: walengwa

Hili ndilo lililotuuma zaidi. Kifaransa kilisema "groupe cible", nasi bila kusita tukaandika: "Walengwa ni vijana na akina mama wa Kinama." Mashirika mengi ya Afrika Mashariki hulitumia neno hili kila siku, na limezoeleka katika ripoti. Lakini asili yake ni kulenga, na mtu hulenga kwa mshale, kwa jiwe au kwa bunduki. Hata Kifaransa chenyewe kinachukua neno kutoka kwenye shabaha.

Kikundi kilitueleza kwamba bibi mmoja alisomewa kipeperushi na mjukuu wake, kisha akauliza: "Wanangu, ni nani anayewalenga tena watoto wetu?" Vita vilivyozuka baada ya Rais Melchior Ndadaye kuuawa tarehe 21 Oktoba 1993 viliikumba vikali mitaa ya kaskazini mwa Bujumbura, Kamenge na Kinama zikiwemo. Watu waliuawa, wengine wakazihama nyumba zao. Bibi huyo hakuwa na haja ya kamusi. Alilielewa neno letu kuliko sisi tulioliandika. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Nasi tulijikwaa ulimi kwa niaba ya watu wengine.

Neno la tatu: msaada

Kifaransa kilitaja "appui financier". Kirundi kikasema "imfashanyo". Sisi tukaandika "msaada wa fedha". Yote matatu yalikubaliana, na yote matatu yalikuwa na kosa moja, kwa kuwa kikundi hakikuwa na msaada wowote wa kutoa. Kilikuwa na akiba ya wanachama na mikopo midogo. Kirundi kina neno lake la mkopo, "ingurane", na Kiswahili kina "mkopo". Matokeo yake, watu walikuja kwenye mkutano wakitarajia kupewa. Mbaya zaidi, baadhi ya waliokopa waliona hakuna sababu ya kurudisha, kwa kuwa msaada haurudishwi. Mama mmoja muuza dagaa, aliyekuwa akisubiri zamu yake ya kukopa ili aongeze mtaji, aliambiwa mfuko umekwama. Hapa ndipo tulipotambua kwamba ujumbe unaweza kufanana katika lugha zote na bado usiwe wa kweli.

Neno la nne: safi

Kuhusu kipindupindu tuliandika: "Tumieni maji safi." Kirundi kilisema "amazi meza", yaani maji mazuri. Kifaransa kilisema maji yanayofaa kunyweka. Haya ni mambo matatu. Maji yanaweza kuwa maangavu kabisa kwenye bilauri na yakawa na vijidudu vya kipindupindu. Kwa macho ya msomaji wetu, maji hayo ni safi. Ndiyo maana watu wa afya husema "maji safi na salama". Neno la pili si pambo. Lakini hata "salama" halimwambii mtu afanye nini. Sentensi iliyokuja kutufaa baadaye ilikuwa hii: "Maji ya kunywa ni yale yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa." Kitendo kinaonekana, na jirani anaweza kumuuliza jirani kama amekitenda.

Waliotutangulia

Baada ya aibu hiyo tulirudi nyuma kuangalia mashirika ambayo ujumbe wao umedumu. Hatukuhitaji kwenda mbali.

Mfano wa kwanza uko jirani kabisa na Kinama. Centre Jeunes Kamenge, kituo cha vijana kilichoanzishwa na wamisionari Waksaveri mwanzoni mwa miaka ya 1990, kinawahudumia vijana wa mitaa ya kaskazini. Vita vilipozuka, mitaa hiyo iligawanyika kwa misingi ya kikabila. Kituo kiliendelea kusema jambo moja: vijana wa makabila yote, dini zote na mielekeo yote wanaweza kuishi pamoja, na mahali pa kujifunza hilo ni hapa. Michezo, maktaba, mafunzo na kazi za mikono vyote vilielekezwa kwenye jambo hilo moja. Mwaka 2002 kituo kilipewa tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood. Tunachojifunza ni kwamba uthabiti wa ujumbe haukutokana na ufundi wa maneno tu. Mlango ulikuwa wazi kama maneno yalivyosema. Shirika linalosema "karibuni wote" na kuwaandikisha wa upande mmoja halitaokolewa na mwandishi yeyote.

Mfano wa pili ni wa redio. Mwaka 1995 shirika la Search for Common Ground lilianzisha Studio Ijambo mjini Bujumbura, na mwaka 1997 studio hiyo ikaanza kurusha mchezo wa redio uliotungwa na Marie-Louise Sibazuri, "Umubanyi niwe muryango". Kwa Kiswahili tunaweza kusema "Jirani ndiye ndugu". Mchezo ulihusu familia mbili jirani, moja ya Kihutu na nyingine ya Kitutsi. Tazameni jina lenyewe. Halina neno la kitaalamu wala halijataja upatanisho, umoja wa kitaifa au ujenzi wa amani. Lina jirani na lina ndugu, maneno ambayo kila Mrundi anayatumia kabla ya kifungua kinywa. Ujumbe wote umo ndani ya jina, na msikilizaji anaweza kulirudia kwa mwenziwe bila kulipotosha.

Mfano wa tatu ni wa dunia nzima. Shirika la Msalaba Mwekundu, lililoanzia Geneva mwaka 1863, lina misingi saba iliyopitishwa mjini Vienna mwaka 1965. Misingi hiyo ni ileile kwa kila chama cha taifa, pamoja na kile cha Burundi. Miongoni mwayo ni kutopendelea na kutoegemea upande wowote. Wanafunzi wetu huyachanganya mawili haya, lakini hayalingani. Kutopendelea ni kumhudumia mtu kwa kadiri ya shida yake bila kujali yeye ni nani. Kutoegemea upande ni kutoshiriki katika ugomvi wenyewe. Mhudumu anayeyachanganya mbele ya watu wenye silaha anaweza kueleweka vibaya, na gharama yake inajulikana.

Shirika hilohilo linatufundisha jambo jingine. Alama ya msalaba, iliyochaguliwa kuwa alama ya ulinzi, ilisomwa na wengine kuwa alama ya dini. Dola ya Uthmaniya ilianza kutumia hilali nyekundu katika miaka ya 1870, na mwezi wa Desemba 2005 mkataba wa nyongeza ulileta alama ya tatu, kioo chekundu chenye umbo la almasi, isiyohusishwa na dini yoyote. Kwa maneno mengine, hata shirika kubwa kiasi hicho limekutana na "walengwa" wake: alama iliyokusudiwa hivi ikasomwa vile. Halikumlaumu msomaji.

Mfano wa nne unatoka Tanzania na utawapendeza walimu wa msamiati. Mwaka 2008 kampeni ya redio ilimleta mhusika aitwaye Fataki, mwanamume mtu mzima anayewarubuni wasichana wa shule. Katika kila kipande mtu wa karibu aliingilia kati na Fataki akashindwa. Fataki ni kitu kinacholipuka, na jina hilo likawa neno la mitaani la kumwita mwanamume wa aina hiyo. Watu walipata namna ya kutaja jambo lililokuwa gumu kutajwa. Hapo ujumbe ulikuwa umetoka mikononi mwa shirika na kuingia katika lugha ya watu, na hakuna mafanikio makubwa zaidi ya hayo kwa mwandishi.

Hatua tulizozifuata

Tulikwenda Kinama, tukakaa na wanakikundi siku tatu za Jumamosi, tukaanza upya. Hatua zilizotusaidia tunazieleza hapa ili mwalimu au mwanafunzi atakayeombwa kazi kama hii asianzie pale tulipoanzia sisi.

1. Anza na sentensi moja ya mlangoni. Kila mwanakikundi aliambiwa ajifanye amebisha hodi, amekaribishwa, na ana pumzi moja tu ya kujieleza. Yeye ni nani, anafanya nini, na pamoja na nani? Tulipata majibu kumi na moja yasiyofanana. Hilo lilikuwa somo la kwanza: tatizo halikuwa tafsiri peke yake, kikundi chenyewe hakikuwa kimekubaliana. Walijadiliana hadi wakapatana.

2. Ondoa nomino nzito, weka vitenzi. Kipeperushi chetu cha kwanza kilikuwa na sentensi hii: "Chama kinajishughulisha na uhamasishaji wa jamii juu ya uimarishaji wa usafi na uwezeshaji wa walengwa kiuchumi." Haina kosa la sarufi, na haina mtu ndani yake. Kipya kinasema: "Sisi ni kikundi cha majirani wa Kinama. Tunafundishana namna ya kuzuia kipindupindu. Tunaweka akiba pamoja, tunakopeshana, tunarudisha." Kitenzi cha mwisho kilidaiwa na yule mama muuza dagaa, na alikuwa na haki. Zingatieni pia viambishi vya kutendana. Kiswahili kinatupa "kufundishana" na "kukopeshana", ambavyo vinaonyesha kwa silabi moja kuwa hakuna mtoaji juu na mpokeaji chini.

3. Tengeneza daftari la maneno. Kwa kila wazo kuu tuliandika neno la Kirundi, la Kiswahili na la Kifaransa, na pembeni tukaandika neno lisilotakiwa na sababu yake. Mistari ya kwanza ya daftari hilo ilikuwa hivi:

Ishirahamwe – kikundi – association. Tusiseme "chama": linachanganywa na umugambwe.
Ingurane – mkopo – prêt. Tusiseme "msaada" wala "imfashanyo": fedha hizi hurudishwa.
Majirani, au "vijana na akina mama tunaofanya nao kazi". Tusiseme "walengwa".
Maji yaliyochemshwa au yaliyotiwa dawa. Tusiseme "maji safi" pekee.

Swali liliulizwa kwa nini tusitumie "shirika", neno ambalo kwa bahati sauti yake inakaribiana na ishirahamwe. Wanakikundi walilikataa wenyewe. Walisema shirika hupeleka mawazo kwenye ofisi kubwa yenye magari, na watu wangeanza tena kudai msaada. Tulilipokea jibu hilo kwa heshima. Kamusi haikuwa na hoja hiyo.

4. Andika katika kila lugha, kisha rudisha tafsiri. Kipeperushi cha Kirundi kiliandikwa na Warundi wanaofikiri kwa Kirundi, na cha Kiswahili kikaandikwa kwa Kiswahili, vyote kutoka kwenye ile sentensi ya mlangoni na daftari la maneno. Kisha tulimpa mwanafunzi ambaye hakuona maandishi mengine akirudishe kile cha Kiswahili kwenye Kirundi. Pale tafsiri yake ilipotofautiana na kipeperushi cha Kirundi, tulijua pana ufa.

5. Jaribu kwa watu, na uliza swali linalofaa. Usiulize "umeelewa?" Kwa adabu yetu kila mtu atasema ndiyo, hasa akiulizwa na mgeni aliyevaa viatu vya ofisini. Uliza hivi: "Ukifika nyumbani, utamwambiaje jirani?" Jibu lake ndilo ujumbe wenu halisi, kilichoandikwa kwenye karatasi ni nia tu.

6. Chagua mtunza maneno. Uthabiti haujilindi wenyewe. Mtu mmoja, katika kikundi hiki alikuwa binti aliyemaliza shule ya sekondari, alikabidhiwa daftari. Kila bango, tangazo na barua hupita kwake kwanza. Maneno yakibadilishwa, hubadilishwa katika lugha zote siku hiyohiyo na tarehe huandikwa.

7. Mfadhili asome kile anachosoma jirani. Hapa tulikuta upinzani kidogo. Katibu alihofia kuwa Kifaransa chepesi kingewavunjia heshima mbele ya wafadhili. Lakini kama ripoti inamwambia mfadhili "msaada kwa walengwa" na mlangoni inasemwa "mkopo kati ya majirani", kuna siku maneno hayo mawili yatakutana, na mmoja wa wasomaji atajiona amedanganywa. Ripoti inaweza kuwa ndefu na yenye takwimu, lakini maneno yake makuu yawe yaleyale.

Kushikilia si kukariri

Wanafunzi wetu waliuliza swali zuri: je, kusema neno lilelile kila mahali hakutageuza wahudumu kuwa kasuku? Jibu letu ni kwamba kinachoshikwa ni kiini, na kinachobadilika ni mfano. Kwa muuza dagaa utazungumzia mtaji, kwa fundi baiskeli utazungumzia vipuri, kwa mama mwenye mtoto mchanga utazungumzia maji ya uji. Mkopo utabaki mkopo kwa wote watatu. Mwalimu mzuri hufanya hivyo kila siku: kanuni ya somo ni moja, mifano ni ya darasa alilonalo.

Vilevile, kushikilia hakuna maana ya kung'ang'ania kosa. Tulipogundua uzito wa "walengwa" hatukutafuta namna ya kulitetea. Vipeperushi vilivyobaki vilikusanywa, na kikundi kilirudi kwenye nyumba zilezile kueleza kwamba maneno yalikosewa. Baadhi ya milango ilifunguliwa, mingine haikufunguliwa. Mfuko wa akiba ulichukua miezi kadhaa kurudi mahali pake, kwani ilibidi kwanza waliokopa waelewe kuwa wanadaiwa na majirani zao, si na mzungu asiyejulikana. Yule mama muuza dagaa alipata mkopo wake, ingawa kwa kuchelewa. Hatuwezi kusema kwamba kila kitu kilitengemaa. Neno likishatoka, kulirudisha ni kazi.

Mapendekezo kwa walimu

Kutokana na uzoefu huu tunapendekeza mambo matatu kwa wenzetu wanaofundisha Kiswahili.

Kwanza, somo la tafsiri lisiishie kwenye vitabu. Wanafunzi waletewe kipeperushi halisi cha shirika lolote, majina yakiwa yamefutwa, wakipime kwa hatua saba tulizozitaja. Watoke nacho, wawasomee watu watatu wasiosoma chuo, na warudi na maneno ambayo watu hao watayasema, si na maoni yao wenyewe.

Pili, semantiki ifundishwe pamoja na mahali. "Kulenga" lina maana moja katika kamusi na uzito tofauti Kinama. "Chama" lina mlango mmoja Nairobi na mwingine Bujumbura. Mwanafunzi wetu anayetoka Buyenzi, Bukavu au Kigoma ana maarifa ambayo wenzake hawana, na darasa ni mahali pa kuyaweka mezani.

Tatu, Kirundi kiheshimiwe katika darasa la Kiswahili. Wengi wetu tulifundishwa kukikwepa tukihofia athari za lugha ya kwanza. Lakini Kirundi ndicho kilichotuonyesha kosa letu: kilikuwa na umugambwe na ishirahamwe wakati sisi tulikuwa na "chama" tu. Lugha mbili zikikaa pamoja, kila moja humwonyesha mwenziwe alipoacha pengo.

Zoezi

Zoezi hili linafaa kwa mwaka wa pili na wa tatu. Soma sentensi ifuatayo: "Shirika linatoa huduma bure kwa wanufaika ili kuchochea uwajibikaji wa jamii."

(a) Neno "bure" lina maana mbili katika Kiswahili. Zitaje, kisha ueleze ni ipi inayoweza kumvunja moyo msomaji. Linganisha na usemi wa Kirundi "ku buntu".
(b) Geuza nomino zote zenye asili ya kitenzi ziwe vitenzi, na utaje watenda.
(c) Andika sentensi ya mlangoni isiyozidi maneno kumi na matano.
(d) Msomee mtu asiye mwanafunzi. Andika atakachosema atamwambia jirani yake.

Hitimisho

Tumeeleza kwamba ujumbe wa shirika lisilotafuta faida ni suala la lugha kabla ya kuwa suala la karatasi nzuri, fulana au kipaza sauti. Shirika kama hilo halina bidhaa ya kuonyesha. Kinachomfanya jirani afungue mlango ni kuamini kwamba kilichosemwa leo ndicho kitakachofanyika kesho, na kwamba kilichosemwa kwake ndicho kilichosemwa kwa mwingine. Waswahili husema ahadi ni deni. Basi kila neno tunalomwandikia mtu wa Kinama ni ahadi ndogo ambayo vijana wa kujitolea wataidaiwa wao, si sisi tuliokaa ofisini.

Wasomaji wenye mifano ya maneno yaliyowahi kuwakwaza katika kazi kama hii, iwe Bujumbura, Gitega au nje ya nchi, wanaombwa wailete Idarani. Tunakusudia kuendeleza lile daftari la maneno, na tungependa mstari unaofuata uandikwe na mmoja wenu.